Sabato ya Jangwani na Sabato ya Kambini

(Maneno ya Kamati ya Jamii katika kuadhimisha Siku ya Wakimbizi Duniani, tarehe 20 Juni)



Tumepewa kazi ya kusema machache juu ya utii kwa Mungu na pumziko la Sabato. Wako ndugu waliocheka walipoisikia mada hii. Walisema: mkimbizi hatoki kambini bila kibali, shamba hana, kazi hana, huyo anapumzika siku zote saba, Sabato ya nini tena? Sisi tuliovuka Ziwa Tanganyika mwaka 1996 kutoka Fizi na Uvira tunajua kwamba kukalishwa bure siyo kupumzika. Anayepumzika huweka chini kazi yake mwenyewe, tena kwa hiari.

Tuwaangalie wana wa Israeli. Kule Misri walifyatua matofali kwa hesabu ya kila siku, na wengi wetu tuliofyatua matofali ya nyumba zetu hapa tunajua jinsi kazi hiyo inavyovunja mgongo. Kutoka sura ya 5 inaeleza kwamba walipoomba ruhusa ya kwenda kumwabudu Mungu wao, Farao aliwaita wavivu. Akawanyima majani makavu, na hesabu ya matofali ikabaki ile ile. Mtumwa hakuwa na siku yake. Basi wakatoka, wakawa watu wa mahema, wakinung'unikia chakula. (Hapo hatutasema mengi; maneno ya siku ya mgao kila mmoja anayajua.) Mungu akawapa mana, pishi moja kwa kila kichwa. Siku ya sita wakaokota pishi mbili, na siku ya saba waliotoka kutafuta hawakukuta kitu.

Habari hiyo iko sura ya 16, kabla Amri Kumi hazijatolewa Sinai katika sura ya 20. Kwa hiyo Sabato walifundishwa wakiwa njiani, hawana nchi, wanaishi kwa mgao. Utii wao ulikuwa kuamini kwamba cha kesho kipo, na kuacha pishi mahali pake. Kwetu sisi ambao tumeona mgao ukipunguzwa zaidi ya mara moja, imani hiyo siyo jambo dogo. Marko sura ya 2 inasimulia wanafunzi waliovunja masuke siku ya Sabato, na Yesu akawatetea kwa mfano wa Daudi alipokuwa na njaa. Basi mama akienda kupokea unga siku ya ibada, asitengwe na kanisa lake.

Kati ya Jumamosi na Jumapili kamati haiamui. Waadventista wana yao tangu jua linapotua Ijumaa, wengine wana Jumapili, na ndugu Waislamu wana sala yao ya Ijumaa.

Jambo linalotusumbua ni lingine. Katika Kumbukumbu la Torati sura ya 5 amri inamtaja mwana, binti, mtumwa, mjakazi, ng'ombe, punda na mgeni, ili nao wapumzike, kwa sababu Waisraeli wenyewe walikuwa watumwa. Na hapa kambini siku ya ibada anapumzika nani? Baba anavaa shati safi anakwenda kanisani. Binti yuko kwenye foleni ya bomba na madumu tangu alfajiri, na mama yuko njia ya kuni, ambayo hatari zake wote tunazijua. Wapo wanaosema kwamba amri haikumtaja mke. Hatuoni kwamba hiyo ni ruhusa ya kumtwisha mzigo.

Kwa hiyo tunaomba maji na kuni za siku ya ibada zitafutwe siku iliyotangulia, na wanaume na wavulana waende pia. Watumishi wa mashirika tunawaomba kwamba mgao ukiangukia siku ya ibada ya watu, tangazo litoke mapema, na ambao hawakufika wapewe siku nyingine bila kupoteza haki yao. Wazee wa vijiji wataandika majina ya wagonjwa, vikongwe na wajane wasio na wa kuwachotea maji. Vijana wa kwaya wanaombwa kuanza zamu Ijumaa hii bombani, saa kumi jioni.