Injini Inapomisi: Pima Kwanza, Nunua Baadaye

(Mazungumzo ya mwanafunzi wa zamani, fundi wa magari, katika karakana ya shule siku ya mkutano wetu hapa Iyunga)



Nimeombwa nizungumze juu ya kazi yangu. Nimechagua ugonjwa mmoja tu wa gari, ule tunaouita kumisi. Ugonjwa huu huonyesha upesi nani fundi na nani mbahatishaji. Tena, katika nchi yetu ya milima si wa kuchezea. Mtu anapandisha Mlima Iwambi kutoka Mbalizi, malori ya Tunduma yako mbele na nyuma; akitaka kulipita moja, injini inapoteza karibu robo ya nguvu zake. Huyo yumo hatarini.

Kumisi ni nini? Injini ya silinda nne ikizunguka mara 800 kwa dakika, kila silinda huwaka mara 400. Silinda moja ikiacha kuwaka, zile tatu huivuta kama mgonjwa machelani. Gari hutetemeka, mlio wa ekzosi hukatikakatika, na petroli huliwa bure. Ili silinda iwake inahitaji mambo matatu: cheche kwa wakati wake, mchanganyiko sahihi wa hewa na petroli, na mgandamizo wa kutosha. Hakuna la nne. Yashikeni hayo, nanyi hamtapotea.

Kazi ya kwanza ni kujua silinda ipi inaumwa. Katika magari ya zamani yenye distributa, tulichomoa waya za plagi moja moja kwa koleo lenye mpira. Ile ambayo ukiichomoa injini haibadiliki ndiyo mgonjwa. Magari ya sasa mengi yana koili juu ya kila plagi. Hapo usinyanyue koili injini ikiwaka, kwa maana umeme wake ni wa maelfu ya volti. Chomoa soketi ya waya wake tu. Ukiwa na mashine ya kusoma hitilafu, namba P0301 ni silinda ya kwanza, P0302 ya pili, na kuendelea. P0300 maana yake kumisi kunahamahama. Hapo tafuta jambo linalozigusa silinda zote, kama vile hewa inayoingia kwa mpira uliopasuka, presha ndogo ya petroli, au petroli yenye maji. Lakini sikilizeni: mashine hukuambia nyumba yenye mgonjwa, haikuambii ugonjwa wala spea ya kununua.

Kazi ya pili ni kuhamisha, nayo haina gharama. Ikiwa silinda ya 3 inamisi, koili yake ipeleke silinda ya 1, na ya 1 ije 3. Kumisi kukihamia 1, umempata mwizi. Kukibaki 3, hamisha plagi. Badili kitu kimoja kwa wakati mmoja. Ukibadili viwili pamoja, hutajua kipi kilichoponya.

Plagi nayo husema. Ya kahawia hafifu ni nzima. Nyeusi yenye masizi inasema petroli imezidi. Iliyolowa petroli inasema huenda cheche haikupatikana. Yenye oili inasema tazama ringi na sili za valvu. Angalia pia shimo inamokaa: mara nyingi utakuta oili iliyovuja kwenye gasketi ya kifuniko cha valvu, au maji ya mpira wa kuoshea magari. Gari lililoanza kumisi mara baada ya kuoshwa injini, likaushe kabla hujamwambia mwenyewe atoe fedha.

Cheche ikiwa nzima, sikiliza nozeli kwa bisibisi ndefu sikioni. Inayofanya kazi hugonga tik-tik. Mwisho, pima kompresheni: injini ya moto, plagi zote nje, petroli imekatwa, aksileta imekanyagwa hadi chini, betri imejaa. Silinda ikiwa chini, tia kijiko cha oili upime tena. Kipimo kikipanda, ringi zimechoka. Kisipopanda, tazama valvu au gasketi. Silinda mbili jirani zikiwa chini pamoja, shuku gasketi ya hedi kati yao.

Hapa pana jambo la Mbeya ambalo vitabu vingi havitawaambia. Mji wetu uko kama mita 1,700 juu ya bahari, na kanieneo ya hewa ni pungufu kwa karibu asilimia 18. Injini inayopima paundi 200 Dar es Salaam itapima kama 165 hapa, nayo ni nzima kabisa. Kwa hiyo linganisheni silinda kwa silinda kabla ya kulinganisha na kitabu.

Niliwahi kuletewa gari la mwalimu mmoja kutoka Tukuyu. Gereji moja ilikwisha kumbadilishia plagi zote na pampu ya petroli, kisha ikapima kompresheni na kumwambia injini imekufa, anunue nyingine. Alikuwa akitafuta mkopo. Tulipima: silinda zote nne zilikuwa karibu sawa, kiasi kinachotakiwa kwa mwinuko wetu. Tukahamisha koili, na kumisi kukahama nayo. Aliondoka amenunua koili moja. Fizikia ya sekondari ndiyo iliyomwokoa asiingie deni la miaka.

Na taa ya injini ikiwakawaka, mwambieni dereva apunguze mwendo na asimame mahali salama. Petroli isiyoungua huingia kwenye kichujio cha moshi katika ekzosi, hukichoma, na joto lake laweza hata kuwasha nyasi kavu chini ya gari.

Wadogo zangu, mteja haoni ndani ya silinda. Anaona uso wako tu, na anakuamini. Mkitoka katika karakana hii na spana mkononi, tokeni pia na desturi ya kupima kabla ya kusema. Mtu anayekuja kwenu na gari linalotetemeka huenda amekuja na ada ya mtoto wake mfukoni.