NYOTA MOJA ILIYO TATU
Maneno ya hotuba waliyosomewa wakulima, wafanyakazi wa chai na wanafunzi wa Sigor

Nimeitwa hapa Sigor ili niseme nanyi habari za elimu, nami nimechagua jambo lisilohitaji kitabu wala ada. Lahitaji usiku usio na mawingu, basi.

Mwezi wa Mei, kati ya saa tatu na saa nne za usiku, tokeni nje mkaelekee kusini, upande wa nyanda za Mara. Inueni macho kiasi cha theluthi ya njia kutoka upeo wa nchi hadi utosini, nanyi mtaona nyota nne zilizokaa kama msalaba uliosimama. Huo ndio Msalaba wa Kusini. Kushoto kwake ziko nyota mbili kubwa zinazouelekea kama vidole viwili. Hao ndio mashahidi wake. Jihadharini, maana upande wa magharibi upo msalaba mwingine, mpana zaidi na hafifu. Huo hauna mashahidi, na umewapotosha watu wengi.

Faida yake ni hii. Msalaba ukisimama wima, mguu wake waonyesha kusini. Ukiwa umelala upande, chukueni urefu wake toka kichwani hadi mguuni, mkaupime mara nne na nusu kwa kufuata mguu. Kwa kuwa sisi tu karibu na Ikweta, kipimo hicho kitawafikisha karibu na upeo wa nchi, na hapo ndipo kusini. Mtu aliyepotewa na njia usiku, akitafuta ng'ombe au akirudi kutoka kiwandani, akijua hayo hatazunguka mahali pamoja hadi alfajiri. Walakini asiutafute jioni katika miezi ya Oktoba na Novemba, kwa sababu wakati huo umekwisha kutua.

Sasa itazameni ile nyota ya mguuni, ing'aayo kuliko wenzake watatu. Wanafalaki huiita Acrux. Kwa macho ni nyota moja, na tangu kale watu waliihesabu kuwa moja. Mwaka 1685 mapadre Wajesuti sita waliotumwa na mfalme wa Ufaransa kwenda Siam walitua katika Rasi ya Tumaini Jema, kusini mwa bara letu hili la Afrika. Mmoja wao, Padre Jean de Fontaney, aliielekeza darubini kwenye mguu wa msalaba, akaona nyota mbili zilizokaribiana sana. Kwao Ufaransa nyota hiyo haichomozi kamwe. Iliwabidi waje Afrika ili waione.

Hayo hayakuwa mwisho. Baadaye wataalamu waliupitisha mwanga wa nyota katika kioo kiutawanyacho mwanga kuwa rangi kama za upinde wa mvua. Katika rangi hizo mna mistari myembamba. Mmepata kusikia lori la majani ya chai likija mbio huku likipiga honi: likikaribia, sauti huwa nyembamba; likiisha kupita, huwa nzito. Mwanga nao una tabia ya namna hiyo. Mistari ya nyota inayotujia husogea upande mmoja, na ya nyota inayotukimbia husogea upande wa pili. Basi katika zile nyota mbili za Padre Fontaney, mistari ya ile kubwa ilionekana ikienda na kurudi, kila baada ya siku 76 hivi. Maana yake ni kwamba hiyo nayo ni nyota mbili zizungukanazo. Kwa hiyo katika nukta ile moja mna nyota zisizopungua tatu, nazo ni kubwa na zenye moto mkali kuliko jua letu.

Katika kazi yangu ya kutafsiri mara nyingi napata taabu ya umoja na wingi. Hapa lugha yetu ilinihurumia, maana twasema nyota moja, twasema nyota tatu, na neno halibadiliki. Lakini macho yetu hayakuwa na huruma hiyo. Yalitudanganya hata kilipopatikana chombo cha kuyasaidia.

Mwanga huenda kilometa 300,000 kwa sekunde moja, na hata hivyo mwanga wa Acrux husafiri miaka 320 hivi kabla ya kutufikia. Mwanga muuonao leo ulianza safari yake karibu na miaka ile ambayo Wareno walifukuzwa katika Ngome ya Yesu kule Mombasa, mwaka 1698.

Nimefika sasa kwenye jambo lililonileta. Bonasi ya chai inapolipwa, huja watu wajiitao wasoma nyota. Humwambia mama, "Nyota yako imefungwa, lete fedha niifungue." Najua, maana katika ukoo wangu mwenyewe fedha za ada ya mtoto zilikwenda kwa mtu wa namna hiyo, na mtoto akakaa nyumbani muhula mzima. Mtu huyo mwulizeni kwa adabu: nyota hiyo ni ipi, na je, ni moja au ni tatu? Mwanga uliotoka kabla babu wa babu yako hajazaliwa utawezaje kuleta habari ya deni lako la juzi? Nyota yaweza kukuonyesha kusini. Haiwezi kukuonyesha aliyekuibia mbuzi.

Wala msidhani elimu hii ni ya wageni tu. Ile iliyo kubwa katika mashahidi wawili, Alpha Centauri, umbali wake ulipimwa na Thomas Henderson kwa kazi aliyoifanya huko Rasini mwaka 1832 na 1833. Nyota ndogo iitwayo Proxima, iliyo karibu nasi kuliko nyota zote baada ya jua, iligunduliwa na Robert Innes huko Johannesburg mwaka 1915. Na mwaka 2019 nchi yetu ya Kenya ilipewa nafasi ya kutia majina nyota moja na sayari yake. Sasa zaitwa Kalausi, yaani kisulisuli, na Buru, yaani vumbi. Maneno hayo ni ya Kijaluo.

Basi, wazazi, mtoto akiuliza usiku, "Kile ni nini?" msimwambie anyamaze akalale. Tokeni naye nje, mwonyesheni mguu wa msalaba, mkamwambie kwamba pale aonapo moja kuna tatu. Na ile fedha ya kufungulia nyota, mlipieni ada.