Karatasi za Uzamivu: Anza na Swali, Anza Mapema

(Hotuba ya afisa wa mawasiliano wa kaunti kwa wahitimu wa vyuo vikuu, mjini Busia)



Kila dereva wa lori pale Malaba anajua kwamba shehena ikiwa nzuri namna gani, karatasi moja ikikosekana, lori halivuki. Maombi ya shahada ya uzamivu ni vivyo hivyo. Nitazungumzia falsafa, kwa sababu hapo ndipo kaka yangu alipokwama.

Kaka ana uzamili wa falsafa na anafundisha sekondari. Mwaka aliotuma maombi ng'ambo, transkripti yake ilizuiwa kwa deni dogo la maktaba ambalo hata hakulijua. Kitambulisho chake kina majina matatu, cheti cha digrii mawili. Alipomaliza kuzunguka ofisini na kwa wakili kutafuta hati ya kiapo, tarehe ya mwisho ilikuwa imepita. Hajaomba tena.

Kwa hiyo, anza mwaka mmoja kabla. Lipa madeni ya chuo, chukua transkripti, linganisha majina kwenye vyeti vyote na pasipoti. Nakala zilizoidhinishwa na wakili ziwe tayari, nawe uwe na nakala safi kwenye simu na kwenye barua pepe.

Kisha jua unakotuma. Vyuo vya Kenya, Uganda na Uingereza kwa kawaida huomba pendekezo la utafiti. Vyuo vingi vya Marekani havidai pendekezo kamili. Huomba maelezo ya nia yako na insha moja ya falsafa uliyoandika mwenyewe, na tarehe zao nyingi za mwisho huangukia Desemba na Januari. Vingi huwasamehe karo wanafunzi wa uzamivu na kuwapa posho, kwa hiyo usikate tamaa kwa kutazama karo peke yake. Ada ya maombi ikikushinda, andika mapema uombe usamehewe.

Kuhusu barua za mapendekezo, waone wahadhiri wawili au watatu miezi miwili kabla. Wape rasimu yako, transkripti na tarehe ya mwisho. Barua ya mheshimiwa ambaye hajawahi kusoma insha yako haina uzito, hata ikiwa na muhuri mkubwa.

Sasa tufike penye uzito wenyewe: swali lako. Kazi yangu ni kuhariri taarifa kila siku, na nilipoisoma rasimu ya kaka, ilianza hivi: "Tangu utotoni nimependa kufikiri." Nani hajapenda? Msomaji anataka kujua unauliza nini, nani amelijibu kabla yako, jibu lake limepungukiwa wapi, na wewe utalishughulikiaje.

Swali hilo si lazima litoke mbali. Profesa Henry Odera Oruka alizaliwa mwaka 1944 hapo Ugenya, kwa jirani zetu wa Siaya. Alisoma Uppsala, Sweden, na baadaye Marekani, kisha akafundisha Chuo Kikuu cha Nairobi. Aliketi na wazee wa vijijini, akawauliza na kuwapinga kwa hoja, ili kuonyesha kwamba miongoni mwao wamo wanafalsafa. Kitabu chake cha mwaka 1990, Sage Philosophy, kinasomwa hadi leo katika nchi nyingi.

Wewe je? Mzee wa Teso au Samia anapoamua kesi ya mpaka wa shamba na kusema uamuzi huo ni wa haki, ana maana gani kwa neno "haki"? Hilo ni swali la uzamivu, na wewe ndiwe unayeijua lugha anayoisema.

Kaka yangu yupo hapa leo, ameketi nyuma. Nimemwomba tuanze upya Jumatatu, kwanza na deni la maktaba. Nanyi anzeni na lenu.