Twende Msituni Muhunda

Leo matembezi yetu ni Butiama, safari ya kwenda na kurudi siku hiyo hiyo ukitokea Musoma mjini au Bunda.

Wageni wengi hufika Mwitongo, nyumbani kwa Mwalimu Nyerere, wakaona makumbusho, wakasimama kwenye kaburi lake, alikozikwa Oktoba 1999, wakapiga picha na kuondoka. Hasara kwao! Jirani kabisa upo msitu wa Muhunda. Si mkubwa, na hauhitaji mtu awe mwanariadha. Wazanaki, wenyeji wa eneo hilo, wanaamini mzimu wao, Muhunda, hukaa humo na huweza kujitokeza kwa umbo la mnyama. Imani hiyo imefanya kazi ya mgambo: mwenye shoka hufikiri mara mbili.

Kwa hiyo usijiingilie tu. Piga hodi kwanza, upate mwenyeji wa kukuongoza. Yeye anajua pa kupita na pasipokanyagwa, na ndiye atakayekusimulia habari za Mtemi Burito, baba yake Mwalimu.

Vaa viatu vya kufunga. Kandambili na majabali ya Butiama havipatani, hasa mvua ikiwa imenyesha. Beba maji, uanze asubuhi kabla jua halijakaza. Tumbili wakikusogelea, karanga zako ziache mfukoni. Tumbili aliyezoea kulishwa kesho atamnyang'anya mtoto chakula.

Walimu wa shule zetu, mnapopanga ziara za wanafunzi, wekeni Muhunda kwenye ratiba, na toeni taarifa mapema.