Kahawa Kabla ya Biashara

Mgeni awasiliye Madrid kwa nia ya biashara, akadhani mkataba utajadiliwa pindi mkate uwekwapo mezani, hana budi kustahamili, maana chakula cha mchana huko huanza yapata saa nane, na wenyeji huzungumza kwanza habari za jamaa, safari na mpira, hata sahani ziondolewe na vikombe vidogo vya kahawa viletwe. Hapo ndipo maneno ya fedha hupata idhini. Baraza hiyo ya baada ya kula huiita sobremesa, na kuikatiza kwa kutazama saa ni utovu wa adabu. Saa zenyewe, ajabu, zafuata majira ya Berlin tangu mwaka 1940, ilhali Madrid i magharibi ya Greenwich.