Chanjo ya Jirani Haimkingi Mwanao

Maneno ya ofisi ya miradi ya dayosisi kwa mkutano wa kamati za afya za sharika



Tumeombwa tujibu swali linaloulizwa mara kwa mara: kwa nini tunaendelea kuomba fedha za huduma ya mkoba, ilhali watoto wengi wa vijijini wamekwishachanjwa? Hao wachache waliobaki si watakingwa na wenzao?

Ili tujibu vizuri, tunaomba twende kwanza Asia. Huko upo ugonjwa unaoitwa homa ya ubongo ya Kijapani. Si ugonjwa wa kwetu. Huenezwa na mbu wanaozaliana kwenye majaruba ya mpunga, na virusi vyake huishi ndani ya nguruwe na ndege wa majini kama yangeyange. Mbu humuuma nguruwe, kisha humuuma mtoto. Wengi wanaoambukizwa hawaugui kabisa. Lakini kwa wastani mmoja kati ya watu 250 hupata homa kali, kutapika, degedege na kupoteza fahamu. Kati ya wanaofikia hali hiyo, hadi 30 katika kila 100 hufariki. Wanaopona, 20 hadi 30 katika kila 100 hubaki na ulemavu wa kudumu: kupooza, kushindwa kusema, au akili kudumaa. Dawa ya kuua virusi hivyo haipo. Daktari anaweza tu kumtunza mgonjwa. Chandarua nacho hakitoshi, kwa kuwa mbu hao huuma sana nje ya nyumba jua linapozama.

Chanjo ilikuwepo. Japani walianza kuitumia katika miaka ya 1950, na China waliidhinisha chanjo yao iliyo rahisi zaidi mwaka 1988. Hata hivyo, mwaka 2005 ugonjwa huu ulipolipuka katika jimbo la Uttar Pradesh nchini India, hasa eneo la Gorakhpur, waliougua walikuwa zaidi ya 5,000 na waliofariki zaidi ya 1,000, wengi wao watoto wa wakulima maskini. Kinga ilikuwa imepatikana duniani muda mrefu, ila haikuwa imefika kijijini kwao.

Mwaka uliofuata, 2006, India ilianza kampeni ya kuwachanja watoto wa miaka 1 hadi 15 katika wilaya zilizoathirika zaidi, ikitumia chanjo ya China. Nepal nayo ilianza mwaka huohuo. Mwaka 2013 Shirika la Afya Duniani liliithibitisha chanjo hiyo, na baada ya hapo mfuko wa Gavi ukazisaidia nchi nyingine, zikiwemo Laos na Kambodia.

Sasa tulitazame swali letu. Ugonjwa kama surua hutoka kwa mtu kwenda kwa mtu. Watoto wengi sana wakichanjwa, njia ya ugonjwa hukatika, na hata asiyechanjwa hupata nafuu. Homa hii ya Asia haiko hivyo. Binadamu hamwambukizi mbu. Virusi hubaki kwa nguruwe na ndege miaka yote. Wachanjwe watoto 99 wa kijiji, yule wa mia bado atakuwa katika hatari ileile. Chanjo ya jirani haimsaidii.

Je, kwetu upo ugonjwa wa namna hiyo? Upo, nao ni pepopunda. Vijidudu vyake viko kwenye udongo na samadi, havitoki kwa mtu kwenda kwa mtu. Anayekanyaga msumari shambani hakingwi na kadi ya mtoto wa jirani. Anakingwa na sindano aliyochomwa yeye mwenyewe, na mtoto mchanga hukingwa na ile aliyochomwa mama yake.

Kwa hiyo, ndugu zetu, takwimu nzuri za wilaya zisitulaze usingizi. Hao wachache waliobaki huwa ni walewale: wa ng'ambo ya mto, wa wafugaji wanaohama, wa mama asiye na nauli. Kuwafikia ni ghali kuliko kuwafikia walio karibu na zahanati, na ndiyo sababu tunaomba mafuta ya pikipiki na barafu ya kutunzia chanjo.

Tunaziomba kamati mambo matatu. Kwanza, kila usharika uwe na daftari la watoto wa chini ya miaka miwili, nyumba kwa nyumba, wa dini zote. Pili, mjumbe aangalie kadi: je, mtoto amepata sindano za wiki ya 6, ya 10 na ya 14? Je, amepata surua na rubela ya miezi 9, na ile ya pili ya miezi 18 ambayo wengi huisahau? Tatu, mtoto akishikwa na degedege apelekwe kituo cha afya mara moja, asianzie kwa mganga. Kwetu chanzo mara nyingi ni malaria kali, na hiyo ina dawa.

Wafadhili wetu tunawashukuru kwa uvumilivu wenu. Katika taarifa zetu zijazo, pamoja na idadi ya waliochanjwa, tutawaandikia pia idadi ya waliobaki, usharika kwa usharika, ili tuwatafute pamoja.