Mkimbizi Naye Ana Haki Kazini



Leo tunazungumza juu ya kazi. Hapa Uganda wengi wenu mnafanya kazi za mshahara. Wengine wanajenga, wengine ni walinzi wa usiku, wengine wanapika hotelini au wanafundisha. Mara nyingi tunasikia mtu akisema: "Mimi mkimbizi, nikifukuzwa nitamshtaki nani?" Jueni kwamba sheria iko.

Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2006 inampa mkimbizi haki ya kupata kazi ya kulipwa. Mwaka huo huo ilitungwa Sheria ya Ajira. Hii humlinda kila mfanyakazi aliyeajiriwa kwa mkataba, awe raia au mgeni. Hata mkataba wa mdomo ni mkataba.

Kwanza, ubaguzi. Mwajiri haruhusiwi kumbagua mtu kwa ajili ya rangi, jinsia, dini, mawazo ya siasa, asili yake, ulemavu au virusi vya UKIMWI. Waashi wawili wakijenga ukuta mmoja kwa ustadi ule ule, na Mkongomani akapewa nusu ya mshahara kwa sababu tu ametoka ng'ambo ya mpaka, huo ni ubaguzi. Lakini dereva asiye na leseni akikataliwa kazi ya udereva, hajabaguliwa. Kazi yenyewe inadai leseni.

Pili, kuachishwa kazi. Mwajiri lazima awe na sababu ya haki. Mimba si sababu. Kujiunga na chama cha wafanyakazi si sababu. Kumlalamikia mwajiri kwa njia halali pia si sababu. Hata ukishtakiwa wizi au uzembe, lazima kwanza uelezwe kosa lako kwa lugha unayoielewa, upewe nafasi ya kujitetea, na uruhusiwe kuja na mtu unayemchagua mwenyewe.

Tatu, taarifa. Aliyefanya kazi zaidi ya miezi 6 lakini hajafikisha mwaka hupewa taarifa ya wiki 2. Kuanzia mwaka 1 hadi 5, mwezi 1. Kuanzia miaka 5 hadi 10, miezi 2. Miaka 10 na zaidi, miezi 3. Mwajiri akitaka uondoke mara moja, alipe mshahara wa muda huo. Mshahara wa siku ulizokwisha kufanya kazi ni wako, hata kama umekosa.

Sasa, uende wapi? Nenda kwa afisa wa kazi wa wilaya. Ikiwa ulifanya kazi mfululizo kwa wiki 13 au zaidi, unaweza kulalamika kwamba umeachishwa bila haki. Peleka malalamiko kabla ya miezi 3 kupita tangu siku ulipoachishwa. Wengi hupoteza haki yao hapa. Wanangoja hasira ya bosi ipoe, na siku zinakwisha. Mbele ya afisa, mwajiri ndiye anayetakiwa kuthibitisha sababu ya kukuachisha. Asiyeridhika na uamuzi anaweza kukata rufaa katika Mahakama ya Kazi.

Basi jitayarisheni mapema. Andika katika daftari siku ulizofanya kazi na fedha ulizopokea. Usifute ujumbe wa malipo katika simu. Yajue majina ya wenzako walioona. Usitie sahihi wala kidole gumba katika karatasi usiyoielewa. Mwombe mtu akusomee. Na kama karatasi inakuita "mtu wa kujitolea" anayepewa posho, uliza siku ya kwanza maana yake ni nini, maana huenda usihesabiwe kuwa mwajiriwa.

Mwisho, ukiondoka, omba cheti cha kazi. Kitakusaidia kupata kazi nyingine.

Mwenye jirani asiyejua kusoma, amweleze haya leo.